Geko wa Kawaida Ndiye Mhifadhi: Jinsi ya Kudumisha Rangi Adimu ya Geko Chui

Anayeanza kufuga geko chui, mjusi wa kufugwa nyumbani, kwa ajili ya rangi hudhani kazi ni moja tu: mpandishe mwenye rangi kwa mwenye rangi, kisha rudia. Vizazi viwili vitatu vya mwanzo humpa moyo, maana kila kinda anatoka na rangi. Baadaye mayai yanaanza kuozea kwenye mashine ya kutotolea, makinda wanatoka wadogo, huyu jicho moja limedumaa, yule mkia umepinda, mwingine anagoma kula mpaka anakwisha. Rangi bado ipo. Wanaoibeba ndio wanaotoweka.

Mimi nafuga ukoo wa albino uitwao Rainwater. Haupatikani kwa wingi kama ndugu yake Tremper, na rangi yake ni ya upole: waridi hafifu juu ya manjano iliyopauka, bila doa jeusi hata moja. Ninachotaka kumwambia yeyote mwenye ukoo kama huu, kabla hajatafuta dume, ni kwamba rangi fiche inaokolewa na geko wa kawaida, wale wa manjano wenye madoa meusi, wanaoibeba mwilini bila kuionyesha. Nina jike mmoja wa namna hiyo, jina lake Chausiku. Wageni humpita tu, wanakimbilia kuwaangalia albino. Lakini albino wangu wenye afya kuliko wote ni watoto na wajukuu zake.

Kwanza ujue rangi yako inarithiwaje

Geko chui (Eublepharis macularius) ni mnyama wa nyanda kame za Pakistani, Afganistani na maeneo ya jirani. Rangi zake za kufugwa hazirithiwi kwa njia moja, na mpango wa kupandisha unaofaa rangi moja unaweza kuipoteza nyingine.

Rangi fiche huhitaji nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi. Albino, Blizzard, Eclipse na Murphy Patternless wote wako kundi hili. Mack Snow ni tofauti: nakala moja tayari hubadilisha sura ya mnyama, na nakala mbili hutoa Super Snow, mweupe mwenye madoa meusi na macho meusi tii. Halafu kuna rangi ya chungwa, iitwayo Tangerine, ambayo haina jeni moja la kulifuatilia. Ni jeni nyingi ndogo ndogo zinazokusanywa polepole, kizazi baada ya kizazi, kwa kuchagua waliokolea zaidi. Ukimchanganya Tangerine na geko wa kawaida, watoto watakuwa kati na kati, na itakuchukua vizazi kadhaa kuirudisha rangi mahali ilipokuwa. Rangi fiche ukiichanganya hufichika kizazi kimoja, kisha hurudi ikiwa kamili kama ilivyokuwa. Ndiyo sababu mwenye rangi fiche hana haja ya kuogopa damu ya nje.

Kuna jambo la albino ambalo limeharibu koo nyingi kuliko ugonjwa wowote. Albino wa geko chui ni wa aina tatu: Tremper, Rainwater na Bell. Zote zilijitokeza miongoni mwa wafugaji katika miaka ya 1990, na kila moja ina jeni lake. Ukimpandisha Rainwater kwa Bell, watoto wote watatoka wa kawaida, wenye madoa meusi, kwa sababu kila mmoja amepata nakala moja tu ya kila jeni. Mfugaji huvunjika moyo, huwauza kama geko wa kawaida, na anayewanunua huwapandisha wao kwa wao. Hapo kwa wastani makinda 7 kati ya 16 watakuwa albino: 3 wa aina ya kwanza, 3 wa aina ya pili, na 1 mwenye zote mbili. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Bell mara nyingi ana jicho jekundu zaidi, lakini hicho ni kidokezo, si ushahidi. Kuanzia siku hiyo ukoo huo hauna jina.

Kwa hiyo albino yeyote mgeni, hata akija na maneno matamu kiasi gani, mimi humjaribu kwanza kwa Rainwater ninayemjua. Watoto wote wakiwa albino, ni wa ukoo mmoja. Wakiwa wa kawaida, ni wa aina nyingine, na watoto hao wanakwenda kwa mtu anayetaka rafiki wa nyumbani tu, kwa maandishi kwamba wasizalishwe.

Je, rangi yenyewe inastahili kuhifadhiwa?

Swali hili huulizwa mwanzoni, kabla ya kujenga vizimba. Lemon Frost ilipotokea, ilipendwa sana kwa mng'ao wake wa manjano na nyeupe. Baadaye ikaonekana kwamba walio wengi kati ya wenye jeni hilo huota uvimbe wa saratani kwenye ngozi, unaotokana na seli zile zile zinazoakisi mwanga na kuwapa mng'ao. Utafiti uliochapishwa 2021 uliihusisha rangi hiyo na jeni SPINT1. Maana yake rangi na ugonjwa ni kitu kimoja. Huwezi kuchagua kimoja ukaacha kingine. Enigma nayo huja na matatizo ya neva: mnyama huzunguka mahali pamoja, hupindisha kichwa juu, hukosa shabaha anapowinda nyenje. Rangi za namna hii mimi sizizalishi na simshauri mtu azizalishe, hata zikiwa adimu namna gani. Kama ukoo wako una kasoro inayorudi kila inapoonekana rangi, hata baada ya kuchanganya damu mbali, acha kuupandisha. Watunze ulio nao mpaka mwisho wa maisha yao, miaka 15 au zaidi, na usiongeze wengine.

Daftari kabla ya dume

Geko wa kawaida anayebeba Rainwater na geko wa kawaida asiyebeba chochote wanafanana kabisa. Kinachowatofautisha ni karatasi. Ukipoteza karatasi, umempoteza mnyama ingawa bado yuko mbele yako anakula.

Kila yai kwangu hupata namba siku linapotagwa: herufi ya familia, mwaka, na nambari ya yai, mfano B-24-07. Namba hiyo naiandika kwa penseli juu ya ganda, inahamia kwenye kikasha cha kinda, kisha kwenye kizimba. Kibandiko humfuata mnyama kila anapohamishwa, hata kama ni kwa dakika chache za kusafisha. Daftarini naandika baba, mama, tarehe ya kutagwa na ya kutotolewa, joto la mashine, uzito wa kutotolewa (kwa kawaida gramu 3 hivi), uzito wa kila mwezi, na kasoro yoyote. Napiga picha pia, ila picha peke yake haitoshi: kinda huzaliwa na mistari mipana ambayo huvunjika na kuwa madoa anapokua, na mkia ukikatika, unaoota mwingine hauna sura ile ya kwanza.

Jambo moja kuhusu majike lazima liingie daftarini. Jike wa geko chui huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kuendelea kutaga mayai yenye rutuba bila kupandishwa tena. Ukimpata jike aliyewahi kukaa na dume mwingine, mayai ya msimu huo hayana baba wa uhakika. Mimi humwacha msimu mzima bila dume, namlisha anenepe mkia, ndipo naanza naye. Kwa Rainwater kuna kipimo cha bure: ukipandisha albino kwa albino wa ukoo huo huo, kila mtoto lazima awe albino. Akitokea hata mmoja mwenye madoa meusi, basi kuna mbegu ya zamani, au mmoja wa wazazi si Rainwater. Simamisha kila kitu mpaka ujue ni lipi.

Mpango wa kupandisha

Ndugu wa baba na mama mmoja wakipandishwa, mgawo wa undugu wa damu kwa watoto wao, yaani uwezekano wa kurithi nakala mbili za jeni kutoka kwa mhenga yule yule, ni asilimia 25. Baba kwa binti ni 25 vilevile. Ndugu wa upande mmoja ni 12.5, na watoto wa ndugu ni 6.25. Hesabu hizi zinapanda juu ya zilizokuwepo, na wanyama wa rangi adimu karibu wote tayari wametoka kwa waasisi wachache.

Kosa la kawaida ni dume mmoja kwa majike wengi. Madume wa geko chui hupigana vikali na kila mmoja lazima awe na chumba chake, basi mfugaji huokoa nafasi kwa kubaki na mmoja. Angalia hesabu inavyosema: idadi halisi ya wazazi kijenetiki ni 4 mara madume mara majike, ugawe kwa jumla yao. Dume 1 na majike 9 ni wanyama 10 bandani, lakini kijenetiki ni 3.6. Madume 5 na majike 5 ni 10 kamili. Chakula ni kile kile, ila wa kwanza anapoteza takriban asilimia 14 ya utofauti wa damu kila kizazi, na wa pili asilimia 5. Ningekuwa na nafasi ya wanyama sita tu, ningefuga madume watatu.

Sasa hatua zenyewe. Chukua Rainwater mwenye afya, mpandishe kwa geko wa kawaida asiye na undugu naye, mkubwa, mlaji, asiyebeba jeni lolote la albino, awe ametoka kwenye nasaba inayojulikana. Watoto wote watakuwa wa kawaida na wote, bila shaka yoyote, ni wabebaji. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuwauza. Usiuze walio bora. Fanya vivyo hivyo na Rainwater wa pili na wa tatu, kila mmoja kwa geko wa kawaida wa damu tofauti. Sasa una familia tatu: A, B na C.

Kizazi kinachofuata, madume wa A wanakwenda kwa majike wa B, madume wa B kwa majike wa C, madume wa C kwa majike wa A. Watoto hubaki na herufi ya mama. Mzunguko huo unaendelea hivyo hivyo, dume hapandi kamwe familia yake. Mbebaji kwa mbebaji hutoa robo albino; mbebaji kwa albino hutoa nusu. Mimi hupendelea mbebaji kwa albino, kwa sababu mtoto wa kawaida anayetoka hapo ni mbebaji wa hakika. Katika mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto wa kawaida ana uwezekano wa theluthi mbili tu wa kubeba jeni, na huyo lazima ajaribiwe.

Kumjaribu ni kumpandisha kwa albino wa Rainwater. Akitokea mtoto mmoja tu albino, jibu limepatikana. Wakitoka wa kawaida sita mfululizo, uwezekano kwamba bado ni mbebaji umeshuka mpaka karibu asilimia 3. Mimi husimama hapo na kumtoa kwenye daftari la wabebaji. Wala kazi haijapotea: watoto hao sita wote ni wabebaji wa hakika, kwa kuwa mzazi wao mmoja ni albino.

Damu mpya ya nje kabisa si ya kila mwaka. Mara moja kila vizazi vitatu au vinne inatosha kama mzunguko wa familia unakwenda vizuri. Ukiona mayai mabovu yanaongezeka au uzito wa makinda unashuka, usingoje zamu.

Kupandisha, mayai na joto

Jike asipandishwe kabla ya kufikisha mwaka na gramu 50 hivi. Mdogo wa hapo hutaga kwa kula mwili wake. Mkia uwe mnene. Kalsiamu yenye vitamini D3 iwe kwenye wadudu anaolishwa, na kibakuli cha kalsiamu tupu kiwepo kizimbani muda wote. Dume aingizwe kwa jike, ukae uangalie. Akimng'ang'ania vibaya au jike akakataa, mtoe, ujaribu siku nyingine. Jike hutaga mayai mawili kwa mkupuo, na hurudia kila baada ya wiki chache msimu mzima. Akianza kukonda mkia, msimu wake umekwisha hata kama dume yuko tayari.

Weka kisanduku chenye vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji) yenye unyevu atagie humo. Mayai yana ganda laini. Yatoe bila kuyageuza, yawe upande ule ule wa juu ulioandikwa namba. Kinachoyaua mengi ni maji kupita kiasi. Vemikulaiti ukiikamua ngumini ishikamane lakini isidondoshe. Baada ya wiki moja hivi ukilimulika yai kwa tochi ndogo utaona wekundu na mishipa. Yai lisilo na kitu hubaki la njano na husinyaa.

Joto la mashine ndilo huamua jinsia. Kwenye nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi karibu wote huwa majike, kwenye 32 hadi 33 wengi huwa madume, na kwenye 34 na zaidi majike hurudi, ila hao wa joto kali mara nyingi ni wakali na baadhi hawazai vizuri. Siatamii huko juu. Kwa mwenye kuhifadhi ukoo hii ni neema kubwa: unaweza kupanga madume wangapi watoke kila familia, badala ya kubahatisha. Mimi hugawa mayai ya kila jike, mengine joto la chini, mengine la kati, ili asikose warithi wa jinsia zote mbili. Themostati, yaani kidhibiti joto, iwe nzuri na kipimajoto kiwe cha pili, kilichojitegemea. Kwenye joto la chini mayai huchukua karibu miezi miwili. Kwenye la juu ni wiki sita hivi.

Joto hilo hilo hugusa na rangi. Albino walioatamiwa kwenye ubaridi hutoka na kahawia iliyokolea. Wa joto la juu hutoka wameng'aa. Ni jeni zile zile. Mtu akichagua wazazi kwa mng'ao bila kuangalia joto walimoatamiwa, anachagua mashine. Nikilinganisha rangi nalinganisha waliotoka joto moja, wenye umri mmoja, chini ya taa moja, na nasubiri mpaka wafike mwaka.

Kuchagua wa kubaki

Utaratibu wangu haubadiliki: ulaji, ukuaji, umbo la kichwa na mkia, macho mawili yaliyo sawa, utulivu wa tabia, na mwisho kabisa rangi. Kinda albino anayelazimika kulishwa kwa mkono hapandishwi, hata awe mzuri kuliko wote wa mwaka huo. Ila mpe nafasi ya haki kwanza. Macho ya albino yanaumizwa na mwanga mkali. Akiwekwa chini ya taa kali hufumba macho na hukosa nyenje, mfugaji akadhani ni dhaifu. Mpe mwanga hafifu, maficho mengi, mlishe jioni, kisha ndipo umpime na wenzake.

Wabebaji wa kawaida nawachuja kwa ukali kuliko albino. Wako wengi, kwa hiyo ninaweza kubakiza wale tu ambao ningewafuga hata wasingekuwa na jeni lolote. Chausiku alibaki kwa sababu hiyo: alikua haraka kuliko ndugu zake, hajawahi kukataa chakula, na mayai yake karibu yote hutotoa. Sifa hizo ndizo anazopitisha pamoja na jeni.

Usiweke ukoo wote chini ya paa moja

Kuna kijidudu kiitwacho Cryptosporidium kinachoshambulia matumbo ya geko. Mnyama hula lakini mkia unakonda mpaka unabaki kijiti. Dawa za kawaida za kusafishia, hata zile zenye klorini, hazikiui kwa uhakika, na kinaweza kumaliza banda zima. Kila mgeni hukaa chumba kingine miezi mitatu au zaidi, na vyombo vyake peke yake, na kinyesi chake kinapimwa na daktari wa mifugo zaidi ya mara moja. Wa karantini nawahudumia mwisho, baada ya wengine wote.

Hata hivyo kinga haitoshi peke yake. Umeme unakatika, themostati inaharibika, mfugaji anaugua. Familia moja kati ya tatu iishi kwa mtu mwingine unayemwamini, na yeye awe na nakala ya daftari zima. Nampa mwenzangu jozi zenye afya bila kungoja nizidiwe, pamoja na karatasi yenye namba, wazazi mpaka kizazi cha tatu, joto la kuatamiwa, na neno moja wazi: mbebaji wa hakika, mbebaji wa uwezekano wa theluthi mbili, au albino wa Rainwater aliyethibitishwa. Sitoi mnyama wa kuzalishwa bila karatasi hiyo, na simpokei wa kuzalishwa asiye nayo.

Kila msimu tunabadilishana madume kufuata mzunguko. Akitoka dume bora wa familia B, wa kwanza kumpata ni mwenye familia C, awe albino au awe wa kawaida. Wanaobaki ndio wanaotafutiwa wateja.